Kabla Waya Haujavutwa: Sheria, Sera na Bei ya Stima Kenya

Waheshimiwa wajumbe wa kamati za kawi, ndugu mawakili, ndugu wahandisi, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, hamjambo.

Nina jambo moja la kusema, na nitalisema kwa mifano ya hapa kwetu Kenya, pamoja na mmoja wa Tanzania. Katika umeme kuna mambo matano yanayopaswa kufuatana: sera, sheria, kanuni, mkataba na waya. Sera huandikwa na Wizara. Sheria hupitishwa na Bunge. Kanuni hutiwa saini na Waziri kwa mapendekezo ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Mkataba wa kununua umeme hufungwa kati ya Kenya Power na mzalishaji. Laini kubwa za usafirishaji hujengwa na KETRACO, shirika lililoundwa mwaka 2008. Kila mmoja ana kalenda yake, bajeti yake na wakubwa wake, na hakuna mwenye uwezo wa kumwambia mwenzake, "Ngoja kwanza." Gharama ya kutongojana huku huishia kwenye bili ya stima.

Tuanze na mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, Marsabit, kwa sababu pale yote matano yalipishana.

Sera yenyewe ilikuwa na mantiki. Mgao wa umeme wa 1999 na 2000 ulituonyesha hatari ya kutegemea mabwawa ya Mto Tana wakati wa kiangazi, na ule wa 2009 ukaja kuithibitisha. Mwaka 2008 Serikali ilitoa sera ya bei elekezi, yaani bei iliyopangwa mapema ya kumlipa mzalishaji, kwa umeme wa upepo, wa mito midogo na wa mabaki ya mimea. Mradi wa Turkana ukapata mkataba wa miaka 20: mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310, kwa senti 7.52 za Yuro kwa kila uniti. Hiyo ni bei ya kuridhisha. Umeme wa mitambo ya dizeli hauikaribii.

Tatizo lilikuwa njiani, kati ya mitambo na gridi. Mitambo ilijengwa na kampuni binafsi kwa mikopo ya nje. Laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, iliachiwa KETRACO. Mnunuzi alikuwa Kenya Power. Mkataba ukasema kwamba mitambo ikiwa tayari kabla ya laini, umeme utalipiwa kana kwamba umezalishwa. Aliyejenga laini hakuwa sehemu ya mkataba huo. Yaani hatari ya kuchelewa ilibebeshwa mtu asiyeshika nyundo wala koleo.

Hebu tuipige hesabu. Mtambo mmoja wa kilowati 850 ukifanya kazi saa moja kwa nguvu zake zote hutoa uniti 850. Kwa senti 7.52 za Yuro, hizo ni Yuro 63.92. Zidisha kwa mitambo 365, unapata zaidi ya Yuro 23,300 kwa saa. Mitambo ikitoa nusu ya hapo, bado ni zaidi ya Yuro 11,600 kwa saa, mchana na usiku, kwa umeme usiofika hata kwenye balbu moja. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa dhamana ya Yuro milioni 20 kwa ajili ya ucheleweshaji wa laini. Mitambo ikiwa kwa nguvu zote, dhamana hiyo inamalizika kwa siku 36 hivi.

Laini ilichelewa kwa muda mrefu mno kuliko siku 36. Njia ya laini ya kilovolti 400 huhitaji upana wa mita 60. Kila kipande cha ardhi ndani ya njia hiyo kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana haki ya kuthaminiwa na kulipwa fidia. Wahandisi wenzangu wanajua kinachofuata: minara inaweza kusimama huku na huko, lakini waya hauvutwi kwa vipande vilivyorukwa. Mwenye shamba mmoja asiyelipwa anaweza kusimamisha sehemu nzima. Juu ya hayo, mkandarasi wa Kihispania, Isolux Corsán, alifilisika mwaka 2017 kazi ikiwa haijakwisha, ikabidi atafutwe mwingine. Mitambo ilikuwa imekamilika mapema mwaka huohuo. Laini iliwashwa Septemba 2018. Malipo ya umeme ambao haukusafirishwa yalifika mabilioni ya shilingi, na sehemu ya deni hilo ikagawanywa kwenye bei ya umeme ya miaka iliyofuata.

Si kwamba hakuna aliyeliona. Benki ya Dunia ilijiondoa kwenye mradi mwaka 2012, na hofu yake ilikuwa hiyohiyo: kwamba Kenya italipia umeme isioweza kuutumia. Onyo lilikuwepo, lakini halikuwa na pa kuingilia. Sheria haikumlazimisha yeyote kati ya waliotia saini kulijibu kwa maandishi kabla ya fedha kuanza kutoka.

Kwa hiyo mkataba wa namna hii ukifika mezani kwenu, uangalieni katika sehemu tatu. Kwanza, tarehe ya kuanza kulipa ihesabiwe tangu laini iwe na uwezo wa kubeba umeme, au kuwe na miezi kadhaa ya uvumilivu isiyolipiwa. Pili, malipo ya umeme usiosafirishwa yawe na kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu. Tatu, na hili ndilo hupuuzwa zaidi, mzalishaji asipewe ruhusa ya kuagiza mitambo kabla njia ya laini haijalipiwa fidia kwa sehemu kubwa. Wakopeshaji hawatalipenda hilo la tatu. Lakini ni afadhali mvutano wa miezi sita mezani kuliko mwaka na nusu wa kulipia upepo uliopita bure.

Kisha kuna ardhi. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu. Ile ilikuwa ardhi ya wadhamini, yaani iliyoshikiliwa na baraza la kaunti la wakati huo kwa niaba ya wakazi, na sheria ya zamani ilikuwa na hatua za kutenga ardhi kama hiyo: tangazo kwa wakazi, bodi ya ardhi ya tarafa kukaa na kuwasikiliza, fidia kukadiriwa. Mahakama iliona hatua hizo hazikufuatwa, ikatoa mwaka mmoja utaratibu urekebishwe. Wakati hukumu inasomwa, mitambo ilikuwa imeshazalisha umeme kwa miaka mitatu na mikopo inalipwa. Sheria ya ardhi haina haraka. Inaweza kurudi baada ya miaka kumi ikauliza ni nani aliyekosa kuitwa mkutanoni. Huko Kinangop mradi mwingine wa upepo, wa megawati 60.8, haukufika hata hapo: uliachwa mwaka 2016 baada ya wakazi kuupinga.

Leo tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na masharti yake ni makali zaidi. Mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii unahitaji idhini ya thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Saini za wazee wachache walioketi hotelini hazitoshi, na wakili anayemwambia mteja wake kwamba zinatosha anamuuzia kesi.

Sasa twende Lamu. Septemba 2013 Serikali ilizindua mpango wa kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Wakati huo kilele cha matumizi ya nchi nzima hakikufika megawati 1,500. Soma tarakimu hizo mbili pamoja. Mpango ulidhani viwanda, reli ya umeme na migodi vitakuja kwa mpigo mmoja na kumeza umeme wote. Ndani ya mpango huo kulikuwa na mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Mtambo wa aina hiyo hulipwa kwa kuwa tayari: hata ukizimwa kwa sababu hakuna mnunuzi, malipo ya uwezo yanaendelea kila mwezi.

Mwaka 2016 NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilitoa leseni ya mazingira. Wakazi wakaenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni hiyo. Sababu zake zinafaa kusomwa na kila anayetayarisha mradi. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinataka tangazo kwa magazeti na redio, na angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika. Mikutano ilifanyika, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti haujakamilika. Wavuvi hawakuonyeshwa matokeo ya utafiti kuhusu maji ya moto yatakayomwagwa baharini na majivu yatakayolundikwa, wala hawakuulizwa wanasemaje kuyahusu. Jopo likasema kumshirikisha mtu ni kumpa matokeo kwanza, ndipo umsikilize. Pia ripoti haikuzingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Rufaa ya kampuni yenye mradi ilitupwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi mwaka 2025.

Hapa nina maoni yangu, na si kila mtu humu ndani atakubaliana nami. Kosa kubwa la mradi wa Lamu lilikuwa makadirio ya mahitaji ya umeme. Lakini makadirio hayo hayakuwa na mlango wa kisheria ambao mwananchi angeweza kuupitia kuyapinga. Mlango uliokuwa wazi ni wa mazingira, basi hoja zote zikapitia hapo. Miaka mitatu ya kesi ilitumika kujibu swali ambalo mchumi mmoja mwenye jedwali la matumizi angelijibu kwa siku chache, kama sheria ingelazimisha makadirio yachapishwe pamoja na hesabu zake na yasikilizwe hadharani kabla ya mkataba. Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 5, imefungua mlango huo kidogo kwa kudai mpango wa kitaifa wa kawi unaounganisha mipango ya kaunti. Upanueni.

Niwapeleke Tanzania kwa dakika chache. Mwaka 1995, nchi ikiwa na upungufu wa umeme, TANESCO, shirika la umeme la huko, iliingia mkataba na IPTL, mzalishaji binafsi, wa mtambo wa megawati 100 huko Tegeta, Dar es Salaam. Bei ya mkataba ilijengwa juu ya injini za dizeli za mwendo wa polepole, zile nzito zinazozunguka chini ya mara 300 kwa dakika. Zilizofungwa zikawa za mwendo wa kati, ambazo gharama yake ni ndogo. Tofauti hiyo haikuwa jambo la mafundi peke yao, kwa sababu malipo ya uwezo ya kila mwezi yanakokotolewa kutoka gharama ya mtaji: injini za bei ya chini kwa malipo ya injini za bei ya juu ni hasara inayojirudia kila mwezi kwa miaka 20. TANESCO ilipeleka suala hilo kwenye usuluhishi wa kimataifa mwaka 1998, na mwaka 2001 jopo likapunguza gharama ya mtaji inayotambuliwa, na malipo ya uwezo yakashuka. Mambo mengi mabaya yalifuata kwenye mkataba ule, lakini katika hilo la injini mnunuzi alishinda kwa sababu aina ya injini ilikuwa na uzito kimkataba na kulikuwa na mhandisi aliyeitazama. Jedwali la mitambo nyuma ya mkataba lisomwe na fundi mstari kwa mstari. Mawakili hulipita haraka.

Watanzania pia walifanya jambo jema tusilolifanya sisi kwa wakati. Baada ya Sheria ya Umeme ya 2008, EWURA, mamlaka yao ya udhibiti, iliweka mkataba sanifu kwa wazalishaji wadogo hadi megawati 10, ili mwenye mtambo wa maji kijijini asilazimike kuajiri mawakili wa London. Bei ya kwanza ilifungwa kwenye gharama ambayo TANESCO ingeiepuka kwa kununua umeme huo. Ilionekana ya haki, ila ilipanda na kushuka pamoja na mafuta na mvua, na hakuna benki inayopenda mkopo wa miaka 15 juu ya bei inayoyumba. Mwaka 2015 wakarekebisha: bei maalum kwa umeme wa maji na wa mabaki ya mimea, ushindani wa zabuni kwa jua na upepo. Hivyo ndivyo kanuni inavyopaswa kuishi: itolewe mapema, itazamwe inavyofanya kazi, ibadilishwe.

Linganisheni na kwetu. Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 162, ilimruhusu mwenye mtambo wa hadi megawati moja kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa kwenye bili. Kanuni za kuitekeleza zilitoka mwaka 2024. Kwa miaka mitano haki ilikuwepo kwenye karatasi, lakini hakukuwa na fomu, mita iliyoidhinishwa wala bei. Viwanda havikungoja. Vilijaza paa zao kwa sola ya matumizi ya ndani, na Jumapili kiwanda kikifungwa, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uweze kutumika, inapunguza uzalishaji na jua la bure linapotea. Kenya Power ikabaki kuwahudumia wateja haohao jioni, saa za kilele, huku ikiwauzia kidogo mchana. Kanuni zilipokuja zikaweka nusu: ukipeleka uniti 100, unahesabiwa 50. Nusu nyingine inaelezwa kuwa gharama ya kutumia nyaya. Inawezekana ni sawa, inawezekana ni kubwa mno. Ila mjadala huo ulifaa kufanyika 2019, kabla paa hazijajaa.

Na wale mnaoandika kanuni, kumbukeni mtego wa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013. Kanuni ikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi lazima iwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Siku hizo zikipita bila kuwasilishwa, inakufa. Siku za vikao si siku za kalenda. Bunge likiwa mapumzikoni hazihesabiwi, na ofisa asiyejua tofauti hiyo hukosea upande wowote ule.

Nije kwenye bili, kwa sababu huko ndiko wapiga kura wenu wanakotazama. Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza bei ya stima ingeshuka kwa asilimia 30, katika awamu mbili za asilimia 15. Awamu ya kwanza ilichapishwa Januari 2022. Ya pili haikuja kabisa, na Aprili 2023 bei zikapanda tena. Kwa nini? Bei ya rejareja iko mikononi mwa EPRA, lakini sehemu kubwa ya kinachojenga bei hiyo imefungwa ndani ya mikataba ya wazalishaji binafsi. Mikataba hiyo mingi inalipwa kwa fedha za kigeni, ina vifungu vya usuluhishi wa nje, na haibadilishwi bila ridhaa ya mabenki yaliyokopesha. Awamu ya pili ilitegemea wazalishaji hao wakubali kupunguza. Sera ilitangaza matokeo ya mazungumzo ambayo hayajafanyika.

Tazameni tokeni yenyewe mistari yake. Kuna bei ya uniti, ndiyo inayopitishwa na EPRA baada ya kusikiliza umma. Chini yake kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, ambayo hupita moja kwa moja kwa mteja. Kisha ushuru wa umeme vijijini, asilimia 5, na VAT, asilimia 16. Shilingi ikidhoofika, mstari wa fedha za kigeni unafuta punguzo lolote lililopigiwa makofi jukwaani. Mbunge anayetaka kushusha bili kwa kweli aulize mkataba unaofuata utalipwa kwa fedha gani.

Namalizia na kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa Serikali ya kitaifa sera ya kawi, usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Ukifungua sehemu ya kaunti, maneno hayohayo ya usambazaji na udhibiti yamo, chini ya mipango na maendeleo ya kaunti. Sheria ya 2019 ilijaribu kuugawa mzigo huo katika Jedwali lake la Tano, na kifungu cha 5 kikaitaka kila kaunti kuandaa mpango wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Huu ndio wenzo mlio nao. Mpango wa kaunti ukiwa kijitabu cha picha za sola, hauna kazi. Uwe na matumizi ya sasa kwa kila wadi, zahanati na visima vinavyotumia dizeli, transfoma zilizolemewa, na njia za laini zilizotengwa kwenye ramani kabla nyumba hazijajengwa ndani ya zile mita 60.

Na juu ya vyote, anzeni na usajili wa ardhi ya jamii. Kwa mvuke wa ardhini, kifungu cha 85 cha Sheria ya Kawi ya 2019 kinaweka mrabaha wa asilimia 1 hadi 2.5 ya thamani ya kawi kwa miaka kumi ya kwanza, na asilimia 2 hadi 5 baadaye. Asilimia 75 ya mrabaha huo ni ya Serikali ya kitaifa, 20 ya kaunti, 5 ya jamii ya mahali. Jamii ambayo haijasajiliwa haina wa kuipokea hiyo asilimia 5, na ardhi yake inashikiliwa na kaunti kwa niaba yake, bila kaunti kuwa na ruhusa ya kuiuza au kuihamisha. Hatua zinajulikana: mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15 iliyochaguliwa, orodha ya wanajamii, upimaji wa mipaka, hati. Zinahitaji mpima ardhi, gari na posho za mikutano. Wekeni fedha hizo kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha, mkianza na wadi zenye upepo na mvuke, maana huko ndiko mwekezaji atakakotua kwanza.

Asanteni.